Barua ya wazi kwa wakuu wa mtoano wa futiboli ya vyuo Marekani: nasi tuonyesheni daftari

Kwenu marais wa vyuo 11 mnaokaa kwenye bodi ya College Football Playoff. Kwa Mkurugenzi Mtendaji, Jenerali mstaafu Rich Clark, ofisini kwenu Irving, Texas. Na kwa makamishna wa konferensi 10, yaani ligi ambazo vyuo hujiunga nazo, pamoja na mwenzao wa Notre Dame.

Waheshimiwa,

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kugombana kwayo bila kutafuta maneno, na kwa sababu wenzangu wengi wanaolipa ada vyuoni mwenu wanaisoma: Wakongo wa Ohio na Kentucky, Wakenya wa Minnesota na Texas, na sisi Watanzania tuliotapakaa kila jimbo. Mkihitaji mkalimani hamtamkosa. Vyuo vyenu kadhaa vina walimu wa Kiswahili, angalau kwa sasa. Hilo la walimu nitalirudia.

Mimi ni mzazi. Mwanangu yuko mwaka wa pili katika chuo cha umma ambacho sitakitaja, chenye timu ya futiboli ambayo haijawahi hata kunusa mtoano wenu. Pia ni mweka hazina wa kwaya ya kanisa letu, na ni kwaya hiyo iliyonifikisha kwenye mtoano wenu usiku mmoja wa Desemba 2024. Sikuwa jukwaani. Nilikuwa nyuma ya kaunta nikiuza kakao ya moto.

Msomaji wa Dodoma au Mombasa ambaye hajaishi huku anisamehe nimweleze kidogo. Futiboli hii ni ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la papai dogo, na huku timu za vyuo hujaza viwanja vya watu 100,000. Viwanja hivyo havina watumishi wa kutosha wa kuuza soseji na bisi. Kwa hiyo vikundi vya makanisa, skauti na vilabu vya shule hupewa kibanda, husimama hapo kwa saa saba au nane, na mwisho wa siku hupata asilimia ya mauzo. Sisi tulikuwa tunatafuta nauli ya kwaya kwenda tamasha. Ile ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya mtoano michezo kuchezwa kwenye viwanja vya vyuo vyenyewe, michezo minne kwa siku mbili, na tulipangiwa mmojawapo. Baridi ilikuwa ya kupasua midomo. Kakao haikutosha kushikwa mkononi, watu waliishika usoni.

Mchezo ulipoisha hatukuruhusiwa kuondoka. Kwanza msimamizi ahesabu. Naye hahesabu kakao, anahesabu vikombe: mlipokea vingapi, vimebaki vingapi, basi tofauti yake ndiyo mliyouza, na fedha zake ziko wapi? Mikate ya soseji ilihesabiwa mmoja mmoja, pamoja na ule ulioanguka chini ukakanyagwa. Tulipungukiwa vikombe vitatu. Ikabidi mzee wetu mmoja wa sauti ya besi akiri kwamba wajukuu zake walipita kaunta ya nyuma. Vikombe vitatu vikakatwa kwenye fungu letu, na sikulalamika, maana hesabu ni hesabu. Lakini nikiendesha gari kurudi nyumbani saa nane usiku nikawa najiuliza: yeye aliyetuhesabia vikombe anahesabiwa na nani? Na shule yenye uwanja ule imebaki na nini usiku huu?

Nilidhani ni swali jepesi. Nimelisoma kwa zaidi ya mwaka sasa.

Fedha za kuingia zinajulikana, maana hizo mnazitangaza wenyewe. Mkataba wenu mpya wa matangazo na kituo cha televisheni cha ESPN ni wa dola bilioni 7.8 kwa miaka sita kuanzia msimu wa 2026, yaani takriban bilioni 1.3 kila mwaka. Na tangu mlipopanua mtoano kutoka timu 4 hadi 12, msimu wa 2024, zawadi za kila hatua ziko wazi. Timu ikiingia tu kwenye 12, konferensi yake hulipwa dola milioni 4. Ikifika robo fainali, milioni 4 nyingine. Nusu fainali, milioni 6. Fainali, milioni 6 tena. Anayefika mwisho ana milioni 20, ashinde asishinde. Juu ya hizo kuna milioni 3 za gharama kwa kila raundi.

Naomba mrudie kusoma sentensi ile ya kwanza: konferensi yake. Siyo shule yake.

Hapo ndipo mambo yanapochekesha. Tarehe 20 Januari 2025, mjini Atlanta, Ohio State waliifunga Notre Dame 34 kwa 23 wakawa mabingwa. Notre Dame hawana konferensi kwenye futiboli, kwa hiyo milioni zao 20 zilikwenda zote South Bend, mjini kwao. Milioni 20 za bingwa ziliingia kwenye chungu cha konferensi yake, Big Ten, chenye vijiko 18, yaani shule 18. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Januari 2026, Indiana waliifunga Miami 27 kwa 21. Indiana nao ni wa Big Ten, chungu kile kile. Miami ni wa konferensi ya ACC, ambayo imebadili kanuni ili timu inayofika mbali ibaki na fedha za mtoano ilizozichuma. Miaka miwili mfululizo, basi, aliyeshindwa fainali ndiye aliyeondoka na fungu nono, na bingwa akaondoka na kombe.

Nilichukua kalamu nikapiga hesabu ya msimu ule wa kwanza. Big Ten iliingiza timu nne. Oregon ilipita raundi ya kwanza bila kucheza ikatoka robo fainali: milioni 8. Indiana ilitoka raundi ya kwanza: 4. Penn State ilifika nusu fainali: 14. Ohio State 20. Jumla milioni 46; ukigawa sawa kwa 18, kila shule inapata milioni mbili na nusu na chenji. Purdue, nao wa Big Ten, iliyoshinda mchezo 1 kati ya 12 msimu ule, ina kijiko sawa na bingwa. Sisi tuliokua enzi za Ujamaa hatuwezi kukataa kugawana, na kwa kweli nilicheka peke yangu jikoni kugundua kwamba siasa ile imehamia Marekani na inaendeshwa na makamishna wenye suti za bei mbaya. Sina ugomvi na kugawana. Ugomvi wangu ni kwamba mapato yanagawanywa kwa 18, na gharama inabaki kwa mmoja.

Maana gharama zipo, na hizo hazitangazwi. Kuna kusafirisha wachezaji, makocha, madaktari, bendi ya matarumbeta na wakubwa wa chuo na wake zao, raundi baada ya raundi, tiketi za ndege za kukata kwa siku tano au kumi kabla. Kuna hoteli za mji ambao nao umepandisha bei kwa sababu mnakuja. Kuna bonasi za makocha, zilizoandikwa kwenye mkataba hatua kwa hatua: kuingia mtoano kiasi hiki, nusu fainali kiasi hiki. Na kuna tiketi. Wazee wa Connecticut hawajasahau mchezo wa Fiesta Bowl wa tarehe 1 Januari 2011, kabla ya mtoano wenu, enzi za mfumo uliotangulia. Chuo chao kililazimika kuchukua tiketi 17,500 za mchezo uliochezwa Arizona, upande mwingine wa nchi. Nyingi mno hazikuuzika. Walifungwa 48 kwa 20 na Oklahoma, wakarudi nyumbani na hasara inayozidi dola milioni 1.6. Ulikuwa mchezo mkubwa kuliko yote waliyowahi kufikia.

Mtasema hayo yamepita, sasa raundi ya kwanza inachezwa nyumbani kwa mwenye nafasi ya juu. Ni kweli, na ni uamuzi mzuri. Nilikuwepo, niliona watu wazima wakilia kwa furaha kwenye baridi ile. Lakini fedha za tiketi za mchezo ule haziingii kwenye kapu la shule kama za Jumamosi za kawaida. Zinakuja kwenu. Shule ina uwanja, ina theluji ya kuondoa ngazini usiku kucha, ina polisi wa kulipa, ina wanafunzi ambao wako likizo tayari. Mapato ya mlangoni siyo jambo dogo hata kwa matajiri. Ohio State yenyewe, yenye uwanja wa watu zaidi ya 100,000, ilitangaza nakisi ya dola milioni 37.7 kwenye idara yake ya michezo kwa mwaka wa fedha wa 2024, na sababu mojawapo ni kwamba msimu ule ilicheza michezo 6 tu nyumbani, wakati msimu uliotangulia ilicheza 8. Michezo miwili. Idara ya michezo tajiri kuliko nyingi duniani, na michezo miwili ya nyumbani inatosha kuiyumbisha.

Halafu kuna gharama ambayo haionekani kwenye risiti yoyote ya mtoano, nayo ndiyo kubwa kuliko zote: hofu ya kuukosa. Tarehe 9 Januari 2025 Penn State walikosa fainali kwa pointi tatu. Miezi tisa baadaye, Oktoba, wakamfukuza kocha yule yule, James Franklin, baada ya kupoteza michezo mitatu mfululizo, na mkataba wake ulikuwa unadai takriban dola milioni 49 akifukuzwa. (Baadaye alipata kazi kwingine deni likapunguzwa sana, lakini wakati wanamfukuza hawakulijua hilo.) Wiki mbili baadaye chuo cha Louisiana State (LSU) wakamfukuza kocha Brian Kelly, deni takriban milioni 54. Texas A&M walikuwa wameweka rekodi mwaka 2023 kwa Jimbo Fisher, zaidi ya milioni 75 za kumwambia asije kazini. Mlipopanua mtoano hadi timu 12 mtu angedhani nafasi zaidi zitapunguza presha. Imekuwa kinyume. Zamani kocha aliyemaliza wa nane nchini alisifiwa. Sasa anayemaliza wa 13 anahesabiwa amefeli.

LSU wakamchukua kocha Lane Kiffin kutoka Ole Miss (Chuo Kikuu cha Mississippi), siku chache kabla timu ya Ole Miss kuingia mtoanoni. Na kwa mujibu wa taarifa za mkataba wake, LSU walikubali kumlipa bonasi za mtoano ambazo angezipata kama angebaki Ole Miss. Ole Miss wakaifunga Tulane, wakaifunga Georgia, wakafika nusu fainali. Nimejaribu kuwaeleza wanakwaya habari hii mara tatu na kila mara wananiuliza kama nimeelewa vizuri Kiingereza. Chuo ambacho hakikucheza kinamlipa kocha ambaye hakufundisha kwa ushindi wa timu aliyoiacha. Sasa huo mstari utaandikwa wapi kwenye daftari: faida za mtoano au gharama za mtoano, na za chuo kipi?

Sitaki mseme mzazi huyu haoni faida. Ninaziona. Kila anayetetea futiboli ya vyuo humtaja mchezaji Doug Flutie wa Boston College, aliyerusha pasi ya dakika ya mwisho dhidi ya Miami Novemba 1984, na maombi ya kujiunga na chuo chake yakapanda. Kuna ubishi kuhusu ukubwa wa kupanda kule, lakini utafiti wa ndugu wawili wachumi, Devin na Jaren Pope, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta kwamba kumaliza miongoni mwa 20 bora kwenye futiboli huongeza maombi kwa asilimia 2 hadi 8. Na yupo Alabama. Kocha Nick Saban alipofika mwaka 2007 chuo kile kilikuwa na wanafunzi wapatao 25,000. Leo wanazidi 40,000, na wengi wao wanatoka majimbo mengine, maana yake wanalipa ada ya wageni, ambayo ni kubwa zaidi ya mara mbili ya wenyeji. Hiyo ni biashara ya kweli. Sitaibeza.

Ila Alabama ni mmoja, na Saban alishinda mataji sita pale. Ukiitazama Alabama ukadhani nawe utatajirika kwa futiboli ni kama kumtazama Mbwana Samatta ukamtoa mwanao shule akacheze mpira. Wapo waliojaribu wakaona ukweli mapema. Chuo cha Idaho kilijishusha ngazi mwaka 2018 baada ya kukosa konferensi, kikiona hakiiwezi gharama ya kusimama peke yake. Chuo cha Alabama tawi la Birmingham kilifuta timu yake Desemba 2014 kwa hesabu za fedha, mji ukawaka moto, na miezi sita baadaye kikairudisha kwa michango ya wakazi na wafanyabiashara. Sioni aibu kwa yeyote kati ya hao wawili. Walau walifungua daftari hadharani, watu wakabishana wakiwa na namba mkononi.

Sasa nije kwetu wadogo.

Desemba 2025 mliwaingiza mtoanoni James Madison, chuo cha umma cha Virginia, na nchi nzima ikapigia makofi hadithi ya mnyonge. Walisafiri hadi Oregon, pwani hadi pwani, wakafungwa 51 kwa 34. Milioni 4 zikaenda kwenye konferensi yao ya Sun Belt. Kisichosemwa kwenye hadithi ile ni nani aliyewafikisha pale. Kila mwanafunzi wa James Madison, awe anaupenda mpira au hajawahi kukanyaga uwanjani, hulipa zaidi ya dola 2,000 kwa mwaka kwa ajili ya idara ya michezo, ndani ya ada yake. Wanafunzi wanazidi 20,000. Zidisheni wenyewe: ni zaidi ya milioni 40 kila mwaka, kwa michezo yote, siyo futiboli peke yake, lakini futiboli ndiyo mlaji mkuu. Milioni 4 za mtoano, hata kama zingebaki zote chuoni, ni sehemu moja ya kumi ya kile ambacho vijana wale hutoa bila kuulizwa. Na kocha aliyewafikisha alikuwa ameshasaini kwenda UCLA kabla ndege haijaruka. Wa Tulane vilevile, kwenda Florida.

Kwenye bili ya mwanangu mstari huo upo. Hawajaandika "futiboli". Wameandika "ada ya jumla", na ilinibidi nipige simu mara nne, nihamishwe ofisi tatu, mpaka dada mmoja mwenye huruma aliponiambia kwa sauti ya chini kuwa sehemu kubwa yake huenda kwenye michezo. Nilimwuliza sehemu gani. Akasema hana ruhusa ya kuona mgawanyo huo. Kwa muhula mmoja, ada ile ni karibu malipo yangu ya wiki nzima ya zamu za usiku kwenye ghala. Mwanangu anasomea uuguzi. Jumamosi za mpira yuko kazini, anauza viatu. Nilipomwambia kwamba yeye na mimi ni wafadhili wa timu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Baba, angalau wanashinda?" Msimu ule hapana.

Tangu Julai 2025 kuna mzigo mwingine. Baada ya makubaliano ya kesi ya House, iliyofunguliwa na wanamichezo dhidi ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, kila chuo kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, na kwa mwaka wa kwanza kikomo kilikuwa dola milioni 20.5. Nawaunga mkono vijana hao kwa moyo wote. Wanavunjika magoti kwa ajili ya mikataba yenu, na bingwa siku hizi hucheza michezo 16, akipita juu ya mitihani ya Desemba kama anaruka mtaro. Walipwe. Ila shule ndogo ikitaka kuwakaribia wakubwa itazitoa wapi hizo fedha, kama siyo kwenye mstari ule ule wa bili?

Maana kwenu hazitoki. Kwa mgawanyo mpya unaoanza 2026, Big Ten na SEC, konferensi mbili kubwa, kwa pamoja wanachukua takriban asilimia 58, inayokadiriwa kuwa zaidi ya dola milioni 21 kwa kila shule. Konferensi ndogo, ambako ndiko iliko shule ya mwanangu, zote kwa pamoja takriban asilimia 9, inayokadiriwa kuwa milioni 1.8 kwa shule. 

Nilisema nitarudi kwa walimu wa Kiswahili. Indiana, mabingwa wenu wa sasa, ni chuo ambacho kwa miongo mingi kimekuwa moja ya vituo vikubwa vya kufundisha Kiswahili katika nchi hii. Watu wengi waliokwenda kufanya kazi kwetu walijifunzia pale kusema shikamoo. Majira ya kiangazi ya 2025, kwa shinikizo la sheria mpya ya jimbo inayotaka kila shahada iwe na idadi fulani ya wahitimu, vyuo vya umma vya Indiana vilikubali kufuta, kusimamisha au kuunganisha programu zaidi ya 400 za shahada, na lugha za kigeni ziliumia sana kwenye orodha ile. Oktoba mwaka huo huo, kocha wa mabingwa hao, Curt Cignetti, akapewa mkataba mpya wa miaka minane, wastani wa takriban dola milioni 11.6 kwa mwaka.

Sisemi kocha amekula shahada. Ni mafungu tofauti, sheria ilitungwa na wabunge, na Cignetti kwa kazi aliyoifanya, ushindi 16 bila kupoteza hata mmoja na timu iliyokuwa kichekesho, huenda anastahili kila senti. Nasema hivi: programu ya lugha ilitakiwa kuonyesha ukurasa wa namba, wangapi wameingia, wangapi wamehitimu, na isipofika kiwango ifungwe. Futiboli haijawahi kutakiwa kuonyesha ukurasa kama huo. Mwalimu wa lugha anahesabiwa vikombe. Nanyi je?

Kwa hiyo ombi langu ni ukurasa mmoja. Kila mtoano ukiisha, kila shule iliyocheza ichapishe: imepokea kiasi gani kutoka konferensi kwa sababu ya mtoano, imetumia kiasi gani kwa safari, hoteli, tiketi zisizouzika, polisi, bonasi za makocha na wakubwa, na imebaki na nini. Iwe sharti la kushiriki, kama ilivyo sharti kuwa na wachezaji waliosajiliwa. Najua vyuo vya umma hutuma taarifa za fedha NCAA kila mwaka. Nimeziomba; mzazi anatakiwa aandike ombi rasmi la nyaraka za serikali, asubiri wiki, kisha apewe kurasa nyingi zenye mafungu ya michezo yote yaliyochanganywa. Vyuo binafsi, kama Notre Dame, Miami, SMU na Tulane, havilazimiki kumpa mtu kitu. Ninyi mnaweza kuwalazimisha wote kwa kikao cha mchana mmoja. Mlishawahi kuweka sharti la namna hiyo: katika mkataba uliopita, konferensi ililipwa dola 300,000 kwa kila shule ambayo timu yake imefikia kiwango cha maendeleo ya masomo. Kumbe mnajua kufungamanisha fedha na karatasi.

Mkishafanya hilo, mengine yatajisema. Mwenye uwanja ataonekana kama anastahili sehemu ya tiketi zake. Mimi naona anastahili. Shule zinazotoza wanafunzi ada ya michezo zitaulizwa kwa nini fedha za mtoano zisianze kwa kupunguza ada hiyo kabla ya kumwongeza kocha. Na wale wanaotaka mpanue tena, wengine wanasema timu 16, wengine hata 24, watatakiwa waonyeshe nani hasa aliyefaidika na 12. Mpaka hapo msipanue. Timu ya 24 itakuwa shule kama ya mwanangu, itakodi ndege, itafungwa 51 kwa 34, na mstari ule kwenye bili utanenepa kwa sababu sasa "tumeonja mtoano".

Fainali yenu huchezwa katika nusu ya pili ya Januari. Bili ya muhula wa pili hutufikia wiki hizo hizo, kwa barua pepe, ikiwa na viambatisho viwili: maelezo ya malipo na onyo la kuchelewa. Kiambatisho cha tatu kinaenea.

Wenu,
Mzazi wa mwanafunzi na mweka hazina wa kwaya
Ohio